Maneno Yake Kama Yalivyotoka

Kichiwa, Njombe
7 Machi 2004

Kwako mwanangu Tereza,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta salama, na kama vumbi la Makambako limekupa mafua, utapona mvua zikikaza. Sisi huku hatujambo. Mahindi yamesimama vizuri. Njegere zimeliwa na wadudu upande wa bondeni, ila za huku juu tutakula. Shangazi yako Lidia anakohoa tangu Kwaresima ianze, lakini kwa kuwa anakohoa huku analima hatujauita ugonjwa.

Karatasi uliyompa Hilario nimeipata. Safari hii hakuisahau chini ya mbao za lori lake kama ile ya Krismasi. Barua ya Benno nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kwa sauti mbele ya jumuiya. Watu wameisifu sana. Mzee Manase aliuliza kama kijana huko Afrika Kusini ameingia seminari. Hata mimi nimeshangaa, maana mwanangu ninayemjua aliwahi kuniandikia barua moja tu, akiwa darasa la saba. Ilikuwa na mistari miwili, na mstari wa pili ulikuwa unaomba viatu. Naona miaka mitatu ya ugenini imemfundisha.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mama yake alipofariki mwaka jana mwezi kama huu, Benno hakuweza kuja kuzika, na mimi sikumlaumu kwa mdomo. Mwaka umetimia na kaburi la Getruda bado ni udongo mtupu. Unajua kwetu tofali la kwanza, lile la kichwani, huwekwa na mtoto wa kwanza wa marehemu, na Getruda alinizalia huyo mmoja. Katika aya ya mwisho Benno ameandika hivi: "Kuhusu kujengea kaburi la mama mwezi wa saba, Mungu akipenda tutakuwa pamoja." Hayo yamenitosha. Nimeshamwambia fundi Odilo aanze kufyatua matofali.

Msalimie Bi Salha. Mwambie namshukuru kwa mashine zake.

Baba yako mdogo,
Tarsis

*

Makambako
28 Machi 2004

Baba mdogo Tarsis,

Ni matumaini yangu kuwa u buheri wa afya pamoja na wote hapo nyumbani. Kamwene sana. Shangazi Lidia mwambie apunguze jembe, dawa ya kikohozi nimempa Hilario, ni ile chupa ya kahawia. Mimi ni mzima. Huku soko la viazi limechangamka na magari ya Songea yanapaki mpaka mbele ya mlango wetu, wateja wanapita ubavuubavu.

Umeuliza siku nyingi kazi yangu hasa ni nini. Bi Salha ana kompyuta tatu, jenereta moja, na ungo wa kunasia mtandao uliofungwa juu ya bati. Vijana wanajua kutumia wenyewe. Mimi kazi yangu ni wazee na akina mama wenye watoto mbali. Wanaongea, mimi nachapa. Jibu likija, nawasomea.

Baba mdogo, maandishi yanayokuja ungeyaona ungecheka. Kule waliko watoto wao wanalipia dakika, na wenzao wote wanaandika hivyo, kwa hiyo wanakata kila kitu. "Si" wanaandika herufi c peke yake. "Tu" wanaweka namba 2, hata katikati ya neno, kwa hiyo kitu inakuwa "ki2". Niko inakuwa "nko", baadaye inakuwa "bdae". Wiki iliyopita mama mmoja hapa, mama yake Yasmini, alipata ujumbe wa bintiye aliyeko Maskati: "nko poa. wape hi. bdae." Yule mama amefunga duka kuja kusikiliza. Basi mimi nikamsomea: "Mama yangu mpenzi, mimi ni mzima wa afya, wasalimie wote nyumbani, nikipata nafasi nitaandika zaidi, Mungu akipenda." Alifuta machozi akaondoka ameridhika. Bi Salha aliniambia nimepiga chuku, lakini hakunikataza.

Kuhusu mwezi wa saba, mimi ningeshauri usifunge tarehe mapema. Safari za mbali zina mambo mengi.

Mwanao,
Tereza

*

Kichiwa
18 Aprili 2004

Mwanangu Tereza,

Kamwene. Pasaka tumeila vizuri. Padre alichelewa kwa sababu ya tope, tukaimba tukamaliza nyimbo zote tukaanza upya. Lidia amekunywa dawa na sasa anakohoa kidogo, lakini anasema chupa ilikuwa ndogo.

Habari ya maandishi yako ya mkato imenifurahisha kuliko unavyofikiri. Unadhani ninyi ndio wa kwanza? Mimi nimekaa kwenye dirisha la simu za maandishi pale posta ya Njombe miaka ishirini na saba, mpaka nilipopunguzwa kazini. Mtu anakuja na karatasi imejaa: salamu kwa fulani na fulani, natumaini hamjambo, sisi ni wazima, na mwishoni kabisa ndiyo anasema ng'ombe ameibiwa. Kila neno lilikuwa na malipo yake. Mimi nachukua kalamu nyekundu, nakata, namrudishia maneno matano. Wengine walininunia. Bibi mmoja wa Ludewa aliwahi kuniuliza kama mimi nililelewa na watu. Na unajua nilikuwa naanza kukata wapi? Kwenye "Mungu akipenda". Haikuwa na habari yoyote ndani yake. Mtu akija anakuja, asipokuja haji.

Kwa hiyo huyo mama yake Yasmini umempaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nakutania, usikasirike.

Tarehe nimefunga. Ni Jumamosi ya 17 Julai. Shemeji zangu wa Ludewa, kaka zake Getruda, nimewaandikia, nao wamejibu kuwa watakuja saba. Msalaba ameuchonga Odilo kwa mti wa mkarati, jina la marehemu limekaa vizuri ila tarehe ya kuzaliwa tumekisia. Mjulishe Benno aanze kuomba ruhusa kazini.

Tarsis

*

Makambako
30 Mei 2004

Baba mdogo,

Ni matumaini yangu kuwa u buheri wa afya. Kamwene. Samahani kwa kuchelewa, jenereta liliharibika wiki mbili na fundi alikuwa Mafinga. Mdogo wangu wa mwisho amefaulu mtihani wa darasa la nne. Baridi imeanza, nimenunua sweta kwenye mitumba, la kijani, lina jina la shule ya watu.

Benno ameandika. Anakusalimia sana, anasema kazi zimembana. Safari hii hakuandika barua ndefu, ndiyo maana sijakuchapia.

Baba mdogo, nilikuwa nawaza. Kama mtu amebanwa na kazi, hamwezi kuanza bila yeye? Akija siku nyingine ataona kaburi la mama yake limekwisha na atafurahi. Desturi siidharau. Nawaza tu.

Tereza

*

Kichiwa
20 Juni 2004

Tereza,

Kamwene. Tumepata baridi ya kuua kuku. Lidia hajambo.

Hilo la kuanza bila yeye, ni lake au ni lako? Unamung'unya maneno, na si kawaida yako. Karatasi yake ninayo, imeandikwa kwamba tutakuwa pamoja. Nimeisoma mbele ya jumuiya na nimeinakili kwenye barua ya Ludewa. Siwezi sasa kwenda kwa kaka zake Getruda kuwaambia mpwa wenu amebanwa na kazi. Walishaniuliza siku ya mazishi kijana yuko wapi, na mbele ya jeneza sikuwa na la kuwajibu. Safari hii ninalo.

Ninachotaka kutoka kwako ni kimoja. Muulize atashuka Makambako siku gani na kwa basi gani, ili Hilario amngoje stendi. Unijibu upesi.

Tarsis

*

Kichiwa
25 Julai 2004

Tereza,

Barua yangu ya Juni hukuijibu. Hilario alileta kilo nane za sukari na salamu zako kwamba duka lina wateja wengi.

Nakupa habari za siku ile kwa kuwa hukuwepo. Watu walikuja kama tisini. Shemeji zangu walikuja tisa badala ya saba. Padre alibariki matofali asubuhi. Ilipofika saa nane nilisema tungoje basi la mchana. Ilipofika saa kumi nilisema tungoje lori la Hilario. Hilario alishuka peke yake na sukari. Watu walikula, walikunywa ulanzi, hawakuniuliza kitu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Shemeji mkubwa ndiye peke yake aliyesema. Alisema, "Tarsis, wewe ulisoma barua. Sisi tulikuja kwa barua." Waliondoka Jumatatu. Tofali halikuwekwa. Yote yamelala chini ya turubai na kaburi liko kama lilivyokuwa.

Jana nilizitandika barua zote nne za Benno mezani. Zote zinaanza na "Ni matumaini yangu kuwa u buheri wa afya." Hivyo ndivyo unavyoanza wewe. Mwanangu hajawahi kutamka neno buheri tangu azaliwe.

Naomba maneno yake kama yalivyotoka kwenye mashine. Usiyafue wala usiyapige pasi. Kama ni matatu, niletee matatu.

Tarsis

*

Makambako
15 Agosti 2004

Baba mdogo,

Kamwene. Sitaandika habari nyingine.

Barua zote nne niliziandika mimi. Benno huniandikia kwa mkato kama wenzake, na mimi nilikuwa nanyoosha. Nakunakilia hapa yaliyo muhimu, kila herufi kama ilivyo. Ukumbuke c ni si, na 2 ni tu. Sist ndiyo dada.

11 Januari: "vp sist. nko poa. mzee vp? mwambie ntatuma ki2 mwz ujao."

29 Februari: "july cdhan sist. cna makaratasi ya kuishi huku, nkitoka cwez kurudi. mzee acngoje, aanze 2. ucmwambie ya makaratasi ataumia."

22 Mei: "umemwambia mzee aanze? mwambie pls. kz ya kuosha magari imekwisha, nalinda geti la m2."

10 Julai: "sist mbona hujib. mzee ameanza?"

17 Julai: "leo ndo cku yenyewe. mwambie mzee nmekaa 2 ndani, cjaenda kz."

Baba mdogo, ule ujumbe wa Februari niliukalia siku tatu. Ningechapaje, kutoka kwa mtoto kwenda kwa baba yake, "asingoje, aanze tu"? Ya makaratasi alinikataza. Nikaona niweke "Mungu akipenda tutakuwa pamoja", kama ninavyowawekea watoto wote wanaokataa jambo. Wazee wa hapa wakisikia hivyo wanajua mtu haji, wanaguna, wanakwenda zao. Nilijua na wewe utajua, wewe kuliko wote. Ulipoandika kwamba umefunga tarehe, na kwamba hayo maneno ndiyo uliyokuwa ukiyakata kwanza, niliisoma barua yako nimesimama nikashindwa kukaa. Kila wiki nilisema nitakuambia, na kila wiki shemeji walikuwa wameongezeka.

Siku ya tarehe 17 duka halikuwa na wateja wengi. Niliogopa kuja.

Hata hapo anapouliza "mzee vp?" nilipakata nikaweka "nakuombea kwa Mungu kila siku", kwa kuwa niliona kumuuliza mzee vipi ni utovu wa adabu. Alikuuliza hivyo na katika mengine ambayo sikuyanakili hapa. Sikukufikishia hata mara moja.

Tereza

*

Kichiwa
12 Septemba 2004

Tereza,

Kamwene.

Nilikukasirikia siku tisa, na siku ya kwanza nilikwenda mpaka barabarani nikisimamisha magari nije Makambako nikuseme mbele ya Bi Salha. Hakuna gari lililosimama. Ulinivisha kilemba cha ukoka, nami nikatembea nacho kijiji kizima, mpaka kwa Mzee Manase na seminari yake. Hilo sijalisahau na ni vizuri ujue.

Lakini na langu nalisema. Watu wangapi walikuja dirishani pangu na "Mungu akipenda" yao, nikaikata bila kuuliza? Mwaka huu limekuja la kwangu, nikalishika kwa mikono miwili. Nilitaka aje. Mtu akitaka kitu hivyo hasomi, anaitikia tu.

Ujumbe wa Januari nimeusoma zaidi ya zote. Maneno kumi na moja. Hapo nimemsikia mwanangu, huyuhuyu wa viatu. Ningefurahi nayo zaidi kuliko buheri zako zote.

Tarehe 4 nilimwita Odilo peke yake. Tofali la kwanza nililiweka mimi, nikataja jina la Benno kwa sauti ili mama yake asikie ni la nani. Tumemaliza kabla ya mvua. Ludewa nimewaandikia ukweli, isipokuwa la makaratasi.

Sasa nakuomba umtumie ujumbe. Uandike hivi, na usiongeze hata salamu:

"Benno. Kaburi tayari. Tofali la kwanza nimeweka mimi kwa jina lako. Ya makaratasi nimejua, sikuumia unavyodhani. Usije mpaka uweze kurudi. Baba."

Nimehesabu. Hakuna la kukata hapo.

Tarsis

*

Makambako
3 Oktoba 2004

Baba mdogo,

Kamwene. Ujumbe nilituma siku ileile Hilario aliponiletea barua, neno kwa neno, Bi Salha akishuhudia. Siku kumi na moja hakukuja kitu. Nilianza kudhani amehama tena. Jana limekuja jibu. Nalinakili lilivyo:

"kamwene mzee. nmeisoma mara nying. nliogopa kukwambia. ww umeniwekea tofali na mm cjui hata mama mmemlaza wap. ni kule kwa bibi au ni hapo nyumbani? cjawahi kuuliza m2. naomba nielekeze."

Sijamjibu. Naweza kumwandikia kwamba ni nyumbani, lakini nimeona jibu hilo si langu. Alhamisi ya tarehe 14 Hilario anashuka huku na mbao. Kama utaweza, panda naye.

Tereza

*

Kichiwa
8 Oktoba 2004

Tereza,

Nitakuja. Mwambie Bi Salha aniwekee mashine moja saa nzima, na kama jenereta linataka mafuta nitachukua dumu Njombe.

Mwaka na nusu. Mimi nilidhani wewe ulimwambia, na wewe ulidhani mimi. Nimelia, nakuambia wazi, na Lidia ameniona.

Usinichapie. Utanionyesha herufi zilipo, nami nitatumia kidole kimoja. Wala sitaandika kwa mkato. Nitaanzia mlango wa jikoni, kwa sababu huo anaujua, halafu nimtembeze hatua kwa hatua mpaka afike kwa mama yake.

Baba yako mdogo,
Tarsis